Safari ya Shitaa: Siku Moja Katika Milima ya Atlas

Hapana mtoto aliyepitia chuoni hapa pwani asiyeihifadhi Surat Quraysh. Huisoma kabla hajaweza hata kufunga vifungo vya kanzu yake, na ndani yake hulitamka neno shitaa, yaani majira ya baridi, ambayo Maquraysh walizoea kusafiri ndani yake. Sisi nasi tulilisoma neno hilo utotoni, kisha tukawasomesha watoto wetu, na maana yake tuliijua kama mtu aijuavyo nchi aliyoiona katika ramani tu. Baridi yetu ni kipupwe: upepo wa kusi, rasharasha za asubuhi, na bibi kujitanda leso ya pili alfajiri. Januari iliyopita, Mombasa ikiwa katika joto kali la kaskazi, tulikwenda kulijua neno lenyewe mahali pake. Alhamdulillahi tumerudi salama, lakini tumerudi na funzo ambalo tumeona si haki kulifungia ndani ya nyumba yetu.

Binti yetu anasoma chuo kikuu mjini Marrakesh, nchini Moroko. Tulikwenda kumzuru, sisi wazazi wawili pamoja na mwana wetu wa kiume wa miaka 12. Kijana huyu hakutaka soko wala makasri. Tangu siku tulipokata tikiti alikuwa na ombi moja tu: aishike theluji kwa mkono wake. Katika Marrakesh, siku ikiwa safi, milima ya Atlas huonekana upande wa kusi imevaa weupe, na kila asubuhi alikuwa akipanda juu ya dari kuitazama. Baada ya wiki moja tukamkubalia.

Nchi ambayo jua huchelewa

Imlil ni kijiji kilichoko takriban kilomita 65 kusini mwa Marrakesh, mita 1,740 juu ya usawa wa bahari. Juu yake umesimama Jabal Toubkal, mlima wenye kimo cha mita 4,167, ambao hapana unaoushinda katika Afrika ya Kaskazini nzima. Kileleni hatukukusudia. Wakati wa shitaa kilele hicho ni cha watu wenye shoka la barafu na meno ya chuma ya kufunga chini ya viatu. Azma yetu ilikuwa kufika Sidi Chamharouch, kitongoji kilicho kwenye kimo cha mita 2,300 hivi, mwendo wa kama saa mbili na nusu hadi tatu kutoka Imlil, kisha turudi kabla ya Magharibi. Waliosikia visa vya majini watalitambua jina hilo: ndiye Shamharushi, asemwaye kuwa ni mfalme wao, na wapo wanaopeleka wagonjwa wao huko kutafuta shifaa. Sisi haja yetu ilikuwa theluji tu.

Tulilala Imlil usiku mmoja. Alfajiri maji ya mfereji yalituuma vidoleni kana kwamba yana meno, hadi mwenyeji wetu alipotuletea birika la maji ya moto. Tulipomaliza kuswali tulikaa tukilingojea jua, na jua halikuja. Kwa saa za Moroko lilichomoza saa mbili na nusu za asubuhi, wakati ambapo huku kwetu lilikuwa limekwisha kuchomoza saa nne nzima zilizotangulia. Mchana wa Januari katika nchi ile ni wa saa kumi na dakika chache, nasi tumezoea mchana wa saa kumi na mbili mwaka mzima. Tena bondeni jua hujificha nyuma ya majabali mapema kuliko saa ya kutua kwake. Ndiyo maana mtu wa kule hupanga safari yake kwa kuhesabu mwanga kwanza, ndipo ahesabu mwendo.

Tangu mwishoni mwa mwaka 2018 mgeni haruhusiwi kupanda njia ya Toubkal bila kiongozi wa kienyeji, na askari huwa njiani kukagua. Kiongozi wetu alikuwa mtu wa makamo wa kabila la Waamazighi, mpole, mwenye maneno machache. Alipotuona tu, aliangalia miguu yetu mmoja mmoja. Sisi watu wazima tulikuwa na viatu vya buti vya ngozi. Mwana wetu alikuwa na raba zake za shule. Kiongozi akasema kwamba pale kijijini yako maduka yanayokodisha buti za saizi yake, na kwamba angetupeleka. Tukamshukuru, tukakataa. Tulijiambia kwamba ni safari ya siku moja, kwamba mguu wa mtoto unakua na kila kiatu kwake ni cha muda, na kwamba fedha za matumizi zilikuwa zinapungua. Hayo tunayaandika kama yalivyokuwa, bila ya kujitetea.

Njia ya kupandia

Tuliondoka saa tatu na nusu. Njia ilipita kwanza kati ya miti ya jozi na matofaa, yote imepukutika majani, matawi yake makavu kama mifupa ya samaki. Baada ya saa moja tulifika chini ya kijiji cha Aroumd, kilichojengwa ubavuni mwa kilima, nyumba moja juu ya bega la nyingine. Hapo bonde lilipanuka likawa uwanja mkubwa wa mawe yaliyoletwa na mafuriko, na mto mwembamba ukipita katikati yake. Ng'ambo ya uwanja njia ya nyumbu huanza kupanda kwa kuzungukazunguka jabali.

Hali ilikuwa njema mno. Jua lilituwakia, hewa ilikuwa kavu na safi, na baada ya mwendo mfupi tulikuwa tukitoa jasho. Kiongozi akatuamrisha tuvue makoti tuyabebe. Tulistaajabu kuambiwa tuvue nguo katika nchi ya baridi, naye akatueleza: jasho ni maji, na nguo iliyolowa jasho humgandisha mtu pindi anaposimama. Alitukataza pia fulana za pamba, akasema nguo ya ndani na iwe ya sufu, kwa kuwa sufu hata ikirowa huhifadhi kiasi cha joto, na pamba ikirowa haihifadhi chochote. Mwana wetu alivaa suruali ya jinsi na soksi za pamba. Soksi za sufu alizopewa na mwenyeji wetu zilikuwa nene, haziingii katika raba. Alizikunja akaziacha chumbani, wala hakutuambia.

Saa tano na nusu hivi, kwenye kona ambayo jua haliifikii, tukaiona theluji. Haikuwa nyingi, ilikuwa kama shuka iliyoanguliwa njiani na kusahauliwa. Kijana alipiga kelele za furaha, akaingia humo mpaka vifundoni, akaichota, akaionja, akamrushia dada yake. Tulicheka mpaka machozi yakatutoka. Tukapiga picha nyingi. Katika kila picha anaonekana akicheka, na katika kila picha raba zake zimezama.

Ukimya tulioudhania adabu

Tulipoendelea kupanda, upepo ukageuka. Ulitoka juu, kwenye theluji kuu, ukishuka bondeni kama maji yanavyoshuka. Wingu likalifunika jua, na katika dakika chache tulivaa makoti yote tuliyokuwa nayo. Kila mita 1,000 mtu apandapo, joto hupungua kwa wastani wa nyuzi sita na nusu, hilo tulilisoma. Hatukujua kwamba upepo huweza kukunyang'anya joto lililobakia kwa muda wa kumaliza kikombe cha chai.

Mwana wetu alinyamaza. Hakulalamika wala hakuomba chochote. Alitufuata nyuma, kichwa ameinamisha, akijikwaa mara moja moja. Mama yake alimtazama akasema moyoni kwamba mtoto amekua, ameanza kuwa na subira ya kiume. Kwetu mtoto mkimya njiani husifiwa. Tulidhani ni adabu. Kumbe ni baridi.

Kiongozi ndiye aliyesimama. Alimwuliza jina lake, na kijana akajibu kwa sauti nzito, kama mtu aliyeamshwa usingizini. Akamwambia aguse kidole chake kidogo kwa kidole gumba cha mkono uleule. Kijana alijaribu mara mbili, vidole havikukutana. Ndipo tulipoona kwamba midomo yake imebadilika rangi na kwamba mwili wote unatetemeka ndani ya jaketi.

Mmoja wetu, na hatutasema ni nani, alitamka kwamba tumebakiwa na nusu saa tu tufike, na huko juu hapakosi moto na chai. Kiongozi hakubishana naye. Alisema, na binti yetu akatutafsiria: "Mlima utakuwepo kesho. Tunarudi sasa hivi."

Alimketisha kijana nyuma ya jiwe lililokinga upepo, juu ya mkoba wake, asiguse ardhi. Alimvua raba. Soksi zilikuwa zimelowa chepechepe, na miguu ilikuwa myeupe, baridi kama samaki aliyetolewa kwenye barafu. Tulitaka kuisugua, akatuzuia, akasema ngozi iliyopoa namna ile husugulika ikachubuka bila mwenyewe kuhisi. Badala yake alimwambia baba afungue koti na shati, na nyayo za mwanawe aziweke juu ya tumbo lake mwenyewe. Hivyo tukakaa, baba akiuma meno, mama na dada wakimkumbatia kijana kila mmoja kwa upande wake, na kiongozi akimnywesha kidogo kidogo chai ya moto yenye sukari nyingi. Kisha alitoa katika mkoba wake soksi kavu za sufu, akamvika, juu yake akamvika mifuko ya plastiki ili unyevu wa raba usipenye, akampa na kofia, na juu ya yote akamvisha jilaba yake mwenyewe.

Alipita mtu na nyumbu akishuka. Tukasema mtoto apandishwe. Kiongozi akakataa mwanzoni: aliyepoa akikaa juu ya mnyama bila kujongoa viungo huzidi kupoa. Madamu fahamu anazo na miguu inamchukua, na atembee, damu ipate kazi. Tukashuka naye tumemshika mikono, tukimwuliza maswali asinyamaze. Tulimwambia ahesabu nyumba za mtaani kwetu, ataje waalimu wake wote. Katikati ya mteremko alianza kubishana na dada yake. Hatujapata kuyafurahia mabishano ya watoto wetu kama siku ile.

Nyumba ya Aroumd

Ilikuwa yapata saa saba na nusu tulipoingia Aroumd. Kiongozi alitupeleka kwa bibi mmoja wa jamaa zake, ambaye hakuuliza sisi ni nani mpaka tulipokwisha kukaa mbele ya jiko la kuni. Binti yetu alimwita "khalti", yaani mama mdogo, naye akamvua kijana nguo zake zilizolowa, akamfunga blanketi mbili za sufu. Akatuletea harira ya moto, mkate uliotoka jikoni muda uleule, mafuta ya zeituni na chai ya nanaa iliyotiwa majani machungu ya shiba, ambayo kwa desturi yao ndiyo chai ya wakati wa baridi.

Ukuta mmoja wa chumba kile ulikuwa mpya, mwingine ulikuwa na ufa tangu chini hadi dari. Tulipouangalia akatueleza. Usiku wa tarehe 8 Septemba 2023 tetemeko lenye nguvu ya 6.8 liliipiga wilaya ile ya Al Haouz na zilizo jirani, na watu karibu 3,000 wakafariki katika nchi. Vijiji vingi vya milimani vilibomoka. Shitaa iliyofuata, wengi waliipitisha katika mahema. Yeye mwenyewe alilala hemani na wajukuu, wakikesha kwa zamu ili mmoja awe macho kuangalia kama wadogo wangali wanatetemeka. "Anayetetemeka yu salama," alituambia. "Tulikuwa tukimwogopa aliyeacha."

Maneno hayo yalitushusha vichwa. Sisi tulikwenda kuitembelea baridi kwa ajili ya picha, na tulibania kodi ya jozi moja ya buti. Wao waliishi nayo usiku baada ya usiku, nguo ya turubai ikiwa ndiyo ukuta wao.

Maji, theluji na wepesi wa dini

Adhana ya Adhuhuri ilitukuta pale. Kwa kuwa tulikuwa tumenuia kukaa Marrakesh wiki mbili, na safari ya kwenda mlimani haifikii masafa ya marhala mbili yaliyowekwa katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, hatukupunguza wala hatukukusanya. Kila swala tuliiswali kamili kwa wakati wake. Bibi akatujia na birika la maji ya moto na beseni, akatumiminia mikononi mmoja baada ya mmoja, na mwana wetu akamwoshea miguu kwa mikono yake.

Hapo binti yetu alitusimulia habari za Ibn Battuta, mwana wa Tangier aliyezaliwa mwaka 1304. Msafiri huyo alipita Mombasa mwaka 1331, akaandika kwamba watu wake ni wacha Mungu, misikiti yao ni ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, na mlangoni pa kila msikiti pana kisima kimoja au viwili, mtu huosha miguu kabla ya kuingia. Msafiri huyohuyo, alipokuwa akivuka nchi za kaskazini wakati wa shitaa, alitawadha kwa maji ya moto karibu na moto, na maji yakaganda juu ya ndevu zake; alipozikung'uta ilianguka kama theluji. Naye aliporudi kwao kutoka nchi za Weusi, mwishoni mwa mwaka 1353, akavuka milima ya Atlas kutoka Sijilmasa kwenda Fez. Alikuwa amekwisha kuona theluji ya Bukhara, Samarkand na Khorasan, lakini alisema hakupata kuona njia nzito kuliko ile. Tulisikiliza miguu yetu ikiwa ndani ya beseni, tukaona kwamba maji ya udhu yameziunganisha nchi zetu mbili zamani sana.

Dini yetu haikumwacha mtu wa baridi bila njia. Aliyevaa khofu za ngozi zinazofunika vifundo baada ya udhu kamili, ana ruhusa ya kupaka maji juu yake badala ya kuosha miguu: mkazi mchana mmoja na usiku wake, msafiri siku tatu na masiku yake. Anayehofia kwa hakika kwamba maji yatamdhuru, wala hana cha kuyapashia moto, ana tayamamu. Na kwa Imamu Shafi tayamamu ni ya udongo wenye vumbi, theluji haifai. Tunakumbuka kisa cha Amr ibn al-As, aliyepatwa na janaba katika usiku wa baridi kali kwenye msafara wa Dhat as-Salasil, mwaka wa 8 Hijria. Alihofia kuangamia akioga, akatayamamu na kuwaswalisha wenzake. Aliposhtakiwa kwa Mtume (S.A.W.), alitoa hoja ya aya ya 29 ya Surat An-Nisaa, inayokataza watu kuziua nafsi zao. Mtume akacheka, wala hakumlaumu.

Kwa wenye kusafiri

Wengi katika sisi wana ndugu na watoto Uingereza, Kanada, Uturuki na kwingineko, na kila mwaka wapo wanaokwenda kuwazuru wakati wa shitaa. Kwao tunaweka wasia huu mfupi.

Anzeni na miguu ya mdogo wenu, kisha mje kwenye yenu. Kiatu kisichopenya maji, soksi za sufu, na jozi ya akiba ndani ya mfuko mkavu. Vaeni nguo nyepesi nyingi kuliko koti moja zito, mpate kuvua mnapopata jasho na kuvaa kabla ya kusimama. Mtandio wa sufu uliofungwa vyema hukinga masikio na shingo. Ncha zake ziingizwe ndani ya koti zisipeperushwe. Ondokeni mapema, na wekeni saa ya kurudi kabla ya kuondoka, mfike msifike. Chukueni kinywaji cha moto, tende na karanga. Mwambieni aliyebaki nyumbani mnakwenda wapi na mtarudi lini.

Na zaidi ya yote, zungumzeni na watoto njiani. Anayetetemeka, anayejikwaa, anayezungumza kwa uzito au anayenyamaza ghafla, amekwisha kuguswa na baridi. Mkingeni upepo, mvueni kilicholowa, mpeni joto la miili yenu na kinywaji kitamu, mgeuke. Akiacha kutetemeka ilhali bado yu baridi, au akianza kupotewa na fahamu, hiyo ni hatari ya roho: mlazeni, msimtembeze, msimnyweshe kitu, mfunikeni na kutafuta msaada wa hospitali mara moja.

Tulirudi Imlil alasiri, jua likiwa limekwisha kupotea nyuma ya majabali. Kijana alikuwa mzima, na kabla ya kulala aliuliza kama tutarudi siku nyingine tufike. Tukamwambia inshallah, na buti.

Wiki mbili baadaye, Mombasa, tulimsikia barazani akimsomesha mdogo wa jirani Surat Quraysh. Walipofika kwenye neno shitaa yule mdogo alimwuliza maana yake. Hakumjibu upesi. Kisha akamweleza kwamba ni wakati ambao mtu hupewa supu na mtu asiyemjua, na akawekewa miguu juu ya tumbo la babake. Akaendelea naye mpaka mwisho wa sura, pale Mola anapotajwa kuwa ndiye aliyewalisha wasife njaa na akawasalimisha na hofu. Sisi tulikuwa ndani, nyuma ya pazia, tukaitikia kimyakimya.